Zuwakulu Mfua-shaba wa Asia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali mengi hapa chini huanzia kwenye sauti, si kwenye rangi. Mwanafunzi aliyefika Pune muhula wake wa kwanza, mtu anayemuuguza ndugu yake Chennai, mfanyabiashara aliyelala gesti Bangkok: wote wanasimulia jambo moja, kwamba nje ya dirisha kuna fundi anayegonga kitu mchana kutwa na hakuna anayemwona. Tumeanza na ya msingi, ya pembeni yako mwishoni. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Kumfahamu

Huyu ni ndege gani hasa?

Ni zuwakulu mdogo wa nchi za joto za Asia. Jina lake la kisayansi ni *Psilopogon haemacephalus*. Urefu wake ni sentimita 15 hadi 17, kwa hiyo hajampita shomoro kwa mbali, ila amejaa zaidi: kichwa kikubwa, mdomo mnene, shingo kama haipo, na mkia mfupi unaoonekana kama umekatwa.

Mgongo na mabawa ni kijani cha majani. Kipaji cha uso ni chekundu cha damu, na chini ya koo kuna kidoa kingine chekundu kama amefungwa skafu. Koo na sehemu inayozunguka jicho ni manjano. Tumbo limepauka na lina michirizi ya kijani. Miguu ni myekundu, na pembeni mwa mdomo zinachomoza nywele chache ngumu, mithili ya masharubu ya mzee asiyeyashughulikia.

Ukisoma orodha hiyo ya rangi utadhani ataonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Haonekani. Kwenye majani mabichi kijani kile kinammeza chote, na ule wekundu unaonekana kama tunda moja zaidi.

Kwa nini anaitwa mfua-shaba?

Kwa sababu ya mlio wake, unaofanana na nyundo ndogo ikipiga bamba la shaba. Kimarathi, lugha ya Pune na Mumbai, anaitwa *tambat*, na neno hilohilo ndilo linalotumika kwa fundi anayefua vyombo vya shaba. Pune kuna kichochoro kiitwacho Tambat Ali, katika mtaa wa kale wa Kasba Peth, ambako mafundi wa ukoo huo wamekuwa wakifua mitungi na sufuria za shaba kwa mkono kizazi baada ya kizazi. Ukipita pale kisha ukaenda kukaa chini ya mkuyu, hutauliza tena jina limetoka wapi.

Kihindi anaitwa *chhota basanta*. *Chhota* ni mdogo, na *basanta* linatokana na neno la majira ya machipuo, wakati ambao sauti yake hutawala bustani.

Kwa Kiswahili, zuwakulu ni jina la ndege wa aina hii waliopo kwetu. "Mfua-shaba" hapa ni tafsiri ya hilo jina la kazi yake.

Na jina la kisayansi lina maana gani? Mbona vitabu vingine vinaandika *Megalaima*?

*Haemacephalus* ni Kigiriki, maana yake mwenye kichwa cha damu. Hilo halina ubishi. *Psilopogon* maana yake ni ndevu tupu, zisizo na kitu, jambo la kuchekesha kidogo kwa ndege mwenye masharubu.

Aliyempa jina la kitaalamu ni Mjerumani Philipp Ludwig Statius Müller, mwaka 1776, kwa kutumia maelezo ya ndege wa Ufilipino. Kwa miaka mingi aliwekwa katika jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya *Megalaima*. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa *Megalaima* na *Psilopogon* haziwezi kutenganishwa, na kwa kuwa *Psilopogon* ni jina la zamani zaidi, ndilo lililobaki. Kitabu chako kikisema *Megalaima haemacephala*, ni cha zamani tu, hakijakosea ndege.

Dume na jike wanatofautianaje?

Kwa macho, hawatofautiani. Anayetofautiana ni kinda: hana wekundu kwenye kipaji wala kifuani, na rangi zake zimefifia. Watu wengi humwona kinda wakadhani wamepata aina mpya.

Anapatikana nchi gani?

Kuanzia Pakistan na India, Nepal, Bhutan, Bangladesh na Sri Lanka, kupita Myanmar, Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam na kusini mwa China, kisha rasi ya Malay, Sumatra, Java, Bali na Ufilipino. Borneo, iliyo katikati ya visiwa hivyo vyote na imejaa mazuwakulu wa aina nyingine, yeye hayupo.

Upande wa kusini-mashariki anaishia Bali kwa kishindo. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi wa Uingereza, alivuka mlangobahari kutoka Bali kwenda Lombok mwaka 1856. Jambo mojawapo lililomshangaza ni kwamba mazuwakulu na vigong'ota aliowaona Bali hawakuwepo tena ng'ambo, ingawa visiwa hivyo viwili vinaonana kwa macho. Kutokana na mambo kama hayo alichora mstari unaotenganisha wanyama wa Asia na wale wa upande wa Australia, na mstari huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Je, ni ndege wa msitu au wa mjini?

Mazuwakulu wengi wa Asia ni ndege wa msitu. Huyu ni wa kingo za msitu, misitu ya wazi, mashamba ya matunda na bustani. Msitu mnene wenye giza anauachia ndugu zake. Delhi, Bengaluru, Bangkok na Singapore yupo ndani ya jiji, mradi apate vitu viwili: mti wa matunda madogo na tawi lililokufa. Kimoja kikikosekana, anahama. Kuhusu tawi, tazama sehemu ya kiota.

## Sauti

Anatoa mlio gani?

*Tuk, tuk, tuk, tuk.* Noti moja, haipandi wala haishuki. Huanza kwa chini, kisha sauti inakaza na kushika mwendo usiobadilika wa noti 108 hadi 121 kwa dakika. Amewahi kuhesabiwa akitoa noti 204 bila kusimama. Jaribu kupiga meza kwa kidole kwa mwendo huo mpaka ufike mia mbili, utamheshimu.

Hiyo sauti ni mdomo ukigonga mti?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kigong'ota hugonga mti. Mfua-shaba hutumia koo. Tena kila noti inatoka mdomo ukiwa umefumbwa. Pande zote mbili za koo kuna ngozi isiyo na manyoya inayovimba na kunywea kwa kila *tuk*, kama mpira wa honi ya baiskeli za zamani, huku kichwa kikiinama na kuinuka.

Namsikia karibu kabisa. Kwa nini simwoni?

Kwa sababu anapolia hugeuza kichwa huku na huku, na kila akigeuka sauti inaonekana kutoka mahali pengine. Unaangalia kushoto, inalia kulia. Ukiongeza na ule ukijani wake, unaweza kukaa chini ya mti nusu saa ukitafuta ndege aliye juu yako.

Dawa ni kuacha kufuata sauti. Nenda asubuhi mapema, hasa siku za baridi, uangalie vilele vya miti iliyopukutika au matawi makavu yaliyochomoza juu. Mfua-shaba ana tabia ya kuota jua saa hizo, pengine wawili watatu pamoja, wakijisafisha manyoya bila haraka. Jua likiwa limewapiga kifuani, ndipo utaona rangi zote zilizotajwa mwanzoni. Darubini inasaidia, lakini mimi wa kwanza nilimwona kwa macho matupu kutoka kwenye ngazi za hosteli, nikiwa na mswaki mdomoni.

Mbona Desemba sikumsikia kabisa, na Machi hanyamazi?

Kaskazini mwa India hunyamaza wakati wa baridi. Hakuhama, yupo palepale. Joto likianza kupanda, naye anaanza kugonga, na anaendelea hata saa za mchana mkali ambapo ndege wengine wametafuta kivuli na kunyamaza. Ndiyo maana watu wengi wanamkumbuka pamoja na jua la utosini, usingizi wa baada ya chakula na feni inayozunguka polepole.

Ananikera, siwezi kusoma. Nimfukuzeje?

Usimfukuze. Funga dirisha, au ngoja: akimaliza kuzaliana atapunguza mwenyewe.

## Chakula

Anakula nini?

Matunda madogo, na juu ya yote makuyu. Mikuyu ya India ndiyo ghala lake: *Ficus benghalensis*, ule mkubwa unaoshusha mizizi kutoka kwenye matawi mpaka mti mmoja ukaonekana kama msitu, na *Ficus religiosa*, ambao Wabudha wanauheshimu kwa kuwa Buddha alipata nuru chini ya mti wa aina hiyo. Kwa kuwa miti hii inaheshimiwa na wengi, mara nyingi haikatwi hata barabara ikipanuliwa, na ndege anafaidika na heshima ambayo haikuwekwa kwa ajili yake.

Tofauti na mwembe, mikuyu haina msimu mmoja ambao yote inazaa kwa pamoja. Huu ukimaliza, ule wa mtaa wa pili unaanza. Mkuyu mmoja uliojaa matunda unaweza kuwa na mfua-shaba, shorewanda, njiwa wa kijani, kwezi na tumbili kwa wakati mmoja, na kelele za soko.

Hula pia wadudu. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, utamwona akiruka kuwadaka hewani, kazi ambayo kwa umbo lake la kibonge hungedhani anaiweza.

Anakula kiasi gani?

Kwa siku anaweza kula beri zenye uzito wa mara moja na nusu ya mwili wake, na wakati mwingine karibu mara tatu. Mwili wenyewe una gramu 30 hadi 50 hivi. Makuyu yana maji mengi na lishe kidogo kwa kila tunda, kwa hiyo ni lazima ale kwa wingi na tumbo lisafishe haraka.

Je, anaharibu mashamba?

Atadonoa tunda laini lililoiva, hilo ni kweli. Lakini mwenye shamba akitaka kulalamika aanze na kasuku na popo. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba anasambaza mbegu. Ule mkuyu mdogo unaoota kwenye ufa wa ukuta wa jengo kuukuu, au kwenye kwapa la mnazi, umepandwa na ndege wa namna hii. Mwenye jengo anaweza asifurahie.

## Kiota

Anataga wapi?

Ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe kwa mdomo, dume na jike wakipokezana. Huchagua tawi lililokufa au mti wa mbao laini kama mlonge. Mara nyingi mlango anauweka upande wa chini wa tawi lililolala, ili mvua isiingie. Ukisimama chini yake utaona duara safi kabisa, kama limetobolewa kwa keekee, na vumbi la mbao likidondoka kazi ikiwa inaendelea.

Jike hutaga mayai matatu au manne, meupe. Wote wawili huatamia na wote wawili hulisha. Mara nyingi jozi moja hulea vizazi viwili kwa kufuatana.

Ni miezi gani?

India kilele ni Februari hadi Aprili. Sri Lanka msimu ni mrefu zaidi, kuanzia Desemba hadi Septemba. Kwa ujumla, mahali fulani katika eneo lake lote kuna anayezaa karibu kila mwezi.

Nje ya kuzaa, shimo lina kazi gani?

Ni chumba cha kulala. Ndiyo maana kumkatia tawi lenye shimo mwezi wa Oktoba, ukidhani "msimu umekwisha", bado ni kumbomolea nyumba.

Mwenye nyumba anataka kukata tawi kavu. Nimwambie nini?

Hapa ndipo watu wenye nia njema hukosea kuliko popote. Bustani inapopangwa vizuri, cha kwanza kuondolewa ni tawi kavu, kwa sababu "linaharibu sura". Mti mbichi mgumu mfua-shaba hawezi kuuchimba. Mdomo wake haufikii ule wa kigong'ota. Bustani yenye mikuyu kumi na tawi kavu hata moja lisibaki, anakuja kula na kuondoka.

Kama tawi liko juu ya njia ya watu au juu ya gari, ni haki kulikata. Kama liko juu ya nyasi tu, mwombe aliache. Na kama ni lazima likatwe, kipande chenye shimo kinaweza kufungwa kwa kamba kwenye shina palepale, mlango ukielekea chini kama ulivyokuwa. Sanduku tupu la mbao la kununua halimvutii sana, kwa kuwa huyu ni mchimbaji na anataka kitu cha kuchimba.

Nani humsumbua?

Zuwakulu wa koo la buluu, ndugu yake mkubwa, hujaribu kumpokonya shimo. Shorewanda wa India mwenye kitako chekundu ana ujanja wa kipekee: ameonekana akimnyang'anya dume beri anazompelekea jike aliye kiotani. Binadamu mwenye msumeno tumeshamtaja.

## Kumchanganya na wengine

Niliyemwona Bali hana manjano usoni, ni mwekundu mtupu. Ni mgonjwa?

Ni mzima. Nususpishi (tawi la kienyeji la spishi ileile) ya Java na Bali, *roseus*, ina wekundu mahali ambapo wa India wana manjano. Spishi hii ina nususpishi tisa, nyingi kati ya hizo zikiwa za visiwa vya Ufilipino, na rangi ya uso ndiyo inayobadilika zaidi.

Nilikuwa Kerala, msituni, na yule naye alikuwa na uso na koo jekundu.

Huyo si nususpishi, ni ndege mwingine: zuwakulu wa Malabar, *Psilopogon malabaricus*, anayepatikana tu kwenye milima ya Ghats ya magharibi na maeneo ya karibu. Anapenda msitu wenye unyevu na hugonga kwa kasi zaidi. Sri Lanka nako kuna wa kwake, *P. rubricapillus*, mwenye uso wa rangi ya chungwa.

Bengaluru nasikia "kutruu, kutruu, kutruu" siku nzima. Ndiye?

Hapana. Huyo ni zuwakulu mashavu-meupe, *P. viridis*: mkubwa zaidi, kijani na kahawia, bila wekundu. Wanaweza kukaa mti mmoja, na wakianza wote wawili hutasikia kingine.

## Jamaa zake, na sisi

Kwetu Afrika Mashariki yupo?

Mfua-shaba hayupo. Lakini aliyekulia Dodoma au Machakos anaweza kumsikia Pune akadhani yuko nyumbani, na ana sababu. Kitororo wa kipaji chekundu, *Pogoniulus pusillus*, ndege mdogo wa vichaka vikavu, hutoa mlio wa noti moja usiokwisha, na wekundu wake uko palepale juu ya mdomo. Katika misitu ya pwani yuko kitororo wa kiuno cha manjano, *P. bilineatus*, ambaye hupiga noti chache, anapumzika, kisha anaanza tena. Waingereza nao waliposikia vitororo walifikiria fundi: waliwapa jina la mziba sufuria.

Wa Asia na wa Afrika sasa huwekwa katika familia mbili tofauti, *Megalaimidae* na *Lybiidae*. Wote wako katika oda moja na vigong'ota, tukani wa Amerika, na yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Vidole vyao viwili viko mbele na viwili nyuma, mpangilio unaofaa kung'ang'ania shina.

Yuko hatarini kutoweka?

Kwa sasa hapana. Shirika la kimataifa la hifadhi ya mazingira, IUCN, linamweka katika kundi la wasiohofiwa sana. Ameshika eneo kubwa na anavumilia watu.

Naweza kumfuga?

India, hapana: Sheria ya Ulinzi wa Wanyamapori ya 1972 na marekebisho yake inakataza kukamata na kuuza ndege wa porini. Nchi nyingine zina sheria zake, lakini hata pale usipokamatwa, ndege anayekula matunda mapya kuzidi uzito wake kila siku atakuchosha kabla ya wiki kwisha.

Je, haiwezekani kuwaleta wachache Tanga au Unguja? Mikuyu ipo.

Swali hili huulizwa kwa mapenzi, kwa hiyo lijibiwe kwa upole: ndege wa India tayari tuliletewa. Kunguru wa Kihindi aliingizwa Unguja miaka ya 1890, na kila mtu wa pwani anajua amefanya nini kwa vifaranga vya kuku na kwa ndege wadogo. Mfua-shaba si mkorofi kama kunguru, lakini angegombea mashimo na makuyu na vitororo na mazuwakulu waliopo.

Nimeokota kinda chini ya mti. Nimpeleke ndani?

Kwanza tazama manyoya. Akiwa na manyoya kamili na anarukaruka, ametoka shimoni kwa hiari: mweke kwenye tawi la karibu, mbali na paka, uondoke, wazazi watamfuata. Akiwa uchi au nusu uchi, tafuta shimo upande wa chini wa matawi makavu na umrudishe ukiweza kufika. Habari ya kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mtu haina ukweli. Ukishindwa kabisa, mweke kwenye boksi lenye kitambaa, gizani, bila kumnywesha maji kwa nguvu, na uwapigie watu wa idara ya misitu ya jimbo ulilopo.